Malalamiko Kuhusu Wataalamu Wanne Walioniandaa Mpaka Nafasi Ikapita

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini gazeti lako linaendelea vizuri, na kwamba yule mwandishi wenu wa ukurasa wa ajira bado ana ajira yake mwenyewe.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa mtunza ghala la spea katika kampuni ya mabasi. Kampuni ikauzwa, mabasi yakaondoka, spea zikaondoka, nikabaki mimi na funguo ambazo hakuna aliyekumbuka kunidai. Huu ni mwezi wa nane nipo nyumbani. Mke wangu anashona sare za shule sebuleni, na sare hizo ndizo zinazotulisha. Kazi yangu mimi ni kushika kitambaa kisiburuzike chini.

Siku moja binti yetu alileta fomu ya shule yenye mstari ulioandikwa "Kazi ya baba". Alinitazama kwa adabu, akangoja. Nilimwambia aandike mtunza ghala, ila aandike kwa penseli. Niliona aibu, Ndugu Mhariri, na aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nisome gazeti lako kwa makini kuliko kawaida.

Mwandishi wenu alisema anayetafuta kazi asihangaike peke yake, bali atafute msaada wa kitaalamu unaomfaa. Hakusema upi. Shemeji yangu, ambaye ni fundi magari, alinishauri nijiulize kwanza nimekwama wapi, kwa kuwa yeye hashiki spana kabla ya kusikiliza gari linagonga wapi. Nilimjibu kwamba mimi si gari. Nikaenda kwa wataalamu wote. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mwandishi wa wasifu. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Aliniuliza mafanikio yangu ni yapi, nikamweleza kwamba umeme ukikatika naweza kuingia ghalani gizani nikatoka na nati ile ile uliyoitaka. Alinihurumia sana. Akaandika kwamba mimi ni kiongozi wa kimkakati wa rasilimali za usafirishaji, mzoefu wa kufanya maamuzi katika mazingira yenye mwanga hafifu. Kubeba betri kukawa usimamizi wa nishati. Nilipoufikisha wasifu huo nyumbani, mama mkwe aliusoma mpaka mwisho, akauliza bwana huyu ni nani na kama ameoa. Tangu siku hiyo sijatulia ndani ya nyumba yangu.

2. Mshauri wa ndoto. Huyu aliniambia nifumbe macho nijione baada ya miaka mitano. Nilijiona ghalani. Akaniambia nitazame mbali zaidi, nikaona ghala kubwa zaidi. Alisema ninaogopa mafanikio, akanipa zoezi la kusimama mbele ya kioo kila asubuhi na kujiamkia kwa cheo cha mkurugenzi. Kioo tulicho nacho ni kimoja tu, kile ambacho wateja wa mke wangu hujitazamia. Asubuhi moja akina mama watatu walisimama mlangoni na watoto wao wa kupimwa sare, wakasubiri kwa heshima mkurugenzi amalize kusalimiwa. Mmoja hajarudi tena.

3. Mkufunzi wa usaili. Huyu sina ubaya naye, isipokuwa kwamba nilimwendea wakati sijaitwa kwenye usaili wowote. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Alinifundisha kushika mkono wa mtu kwa uthabiti, kutosema kamwe sijui, na kukiri kwamba udhaifu wangu mkubwa ni kupenda kazi kupita kiasi. Kwa kukosa mahali pa kuyatumia mafunzo hayo, niliyatumia nyumbani. Mke wangu alipouliza nani amemaliza maziwa, nilimshukuru kwa swali zuri, nikaeleza nilivyoshughulikia changamoto ya namna hiyo katika kituo changu cha zamani. Chai ya siku ile niliinywa bila maziwa, na bila mazungumzo.

4. Wakala wa ajira. Kwa wiki tisa, kila Jumatatu, nilifika kwa dada huyu kumuuliza amefikia wapi na kazi yangu. Wiki ya kumi aliweka kalamu chini, akanieleza taratibu kwamba yeye hulipwa na waajiri kuwatafutia watu. Kuwatafutia watu kazi si kazi yake. Akaongeza kwamba wasifu wangu amewaonyesha waajiri wawili, na wote walidhani nataka kuwa bosi wao. Kati ya wote wanne, huyu ndiye aliyenikosea zaidi, kwa sababu aliniambia ukweli, nami sikuwa nimejiandaa.

5. Hospitali. Hapa naomba ukae vizuri. Shemeji aliniletea habari kwamba hospitali moja inatafuta mtunza ghala. Walitaka barua ya ukurasa mmoja na cheti, kabla ya Ijumaa. Mwandishi wa wasifu akanikataza kupeleka chochote kabla hajaongeza sehemu ya maono. Mshauri wa ndoto akasema nisubiri mpaka moyo uwe tayari. Mkufunzi akasema mkono wangu bado unalegea kwenye kidole gumba. Niliwatii wote. Moyo wangu ulikuwa tayari Jumamosi, saa nne asubuhi.

Kazi akaipata aliyekuwa msaidizi wangu ghalani, mama mmoja mpole ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kujaza rejesta. Aliandika barua kwa mkono, nusu ukurasa. Alisema anajua kutunza ghala. Iliniuma, wala sifichi. Nilikwenda uani nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka binti yangu akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Kwa sababu hizo naomba, kwa unyenyekevu, mambo machache. Kila mtaalamu wa ajira aamriwe kutundika mlangoni kibao kinachosema anatibu nini na hatibu nini. Iundwe ofisi ya mtaalamu wa kumchagulia mtu mtaalamu, na kwa kuwa naye itabidi achaguliwe, iundwe nyingine ya kumchagua huyo. Hospitali imsimamishe kazi mama yule kwa muda, hadi nitakapokamilisha maandalizi. Na ikiwa yote hayo ni mazito, basi ule wasifu wangu uajiriwe wenyewe, uende kazini kila asubuhi, mimi nibaki kushika kitambaa. Mama mkwe ataunga mkono.

Nisalimie wapiga chapa, anayefagia ofisi, wa nyumbani kwako wote, na huyo mwandishi wa ukurasa wa ajira. Mwambie simchukii, ila akitaka kunishauri tena apitie kwanza kwa shemeji.

Ni mimi msomaji wako mtiifu, niliyeandaliwa kupita kiasi,

Aliyekuwa Mtunza Ghala

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, yule mama msaidizi wangu amefika kupimisha sare ya mjukuu wake. Anasema hospitali imefungua ghala la pili, wamemuuliza kama anamjua mtu anayejua kazi, naye amewatajia jina langu bila kusita. Nifike Jumatatu asubuhi na cheti. Wasifu hawakuutaja. Nimemshika mkono, na nadhani kidole gumba kililegea.

Binti yangu amesikia. Ameleta ile fomu, anauliza kama sasa apitishe kalamu juu ya penseli. Nimemwambia asubiri kidogo nipate ushauri. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, futa malalamiko yote hapo juu, ila nijibu haraka, kabla ya Jumatatu: mtu aliyekwisha kupata kazi humwendea mtaalamu gani? Nijibu upesi kweli, maana mama yake ameshampa kalamu.