Kochi Haliniwezi

Jumatatu, 6 Oktoba

Binti yangu hana adabu. Mtu anamkuta mama yake amekaa kwenye kochi, anatangaza mama amekwama. Nilikuwa napumzika. Kweli nilipumzika tangu chai ya asubuhi mpaka yeye anatoka kazini, na simu ililia jikoni mpaka ikachoka yenyewe. Lakini kupumzika ni kupumzika. Akaniinua kwa kunivuta mikono kama gunia. Kisha likamtoka neno ambalo sikulitegemea kwa mtoto niliyemnyonyesha: makao ya wazee. Niliduwaa hata nikasahau kumtukana.

Anasema muuguzi atakuja Alhamisi kunipima. Nikishindwa kunyanyuka bila kujishika, nyumba inafungwa, nami nahamia makao yale yale aliko wifi yangu. Dada wa marehemu mume wangu! Yule aliyesema siku ya harusi kwamba sitadumu kwenye nyumba hii.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimejaribu kunyanyuka peke yangu. Kochi limenimeza. Lilikuwa likimmeza na marehemu, ila yeye alikuwa na mimi wa kumvuta. Nimetoka kwa kubiringika sakafuni.

Shule niliachia darasa la tatu, akili sikuiachia huko. Nimemwita fundi seremala, ambaye karakana yake inapakana na dirisha langu. Achonge vigogo, aviweke chini ya miguu ya kochi, afunike na kitambaa kirefu. Akauliza, bibi, huku si kumdanganya muuguzi? Nikamwambia muuguzi halali kwangu wala hakai kwenye kochi langu, ashike msumeno.

Alhamisi, 9 Oktoba

Muuguzi kaja. Kamtu kembamba, kenye sauti ya upole; watu wa namna hiyo ni wa kuogopwa. Akasema nikunje mikono kifuani, nisimame. Nikasimama. Nikae, nisimame tena. Nikasimama kama askari. Binti yangu mdomo wazi. Nikaanza kumweleza kuhusu mifupa ya ukoo wetu.

Ndipo muuguzi akainama, akafunua kitambaa.

Moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili. Dirishani nikaona kichwa cha fundi kikizama. Muuguzi akavigonga vigogo, akauliza ni nani aliyevitia. Nikasema sijui, labda kochi limekua.

Akacheka mpaka akashika ubavu. Akamwambia binti yangu kwamba hivyo ndivyo wanavyowashauri wazee: kiti kiinuliwe kiasi, nyayo zikae chini vizuri, magoti yasiteseke. Nabaki nyumbani kwangu. Nimekesha nikipanga udanganyifu, kumbe najitibu.

Akaagiza pia kizulia cha mlangoni kiondolewe, bafuni pawekwe chuma cha kushikia, na nitembee kila asubuhi. Nikaitikia yote. Kuitikia hakuvunji mfupa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wifi kanitembelea. Nilitegemea kuona mtu aliyekonda kwa upweke. Kaingia kanenepa, kavaa viatu vipya. Anacheza karata kila jioni. Kuna mzee anamvutia kiti wakati wa kula, umri huo! Nikamwambia, wifi, huoni haya? Akasema haya aliziacha huku kwangu pamoja na masufuria, siku alipohamia kule.

Akakaa kwenye kochi. Akanyanyuka. Akasema si baya, wifi, ila kwetu viti ni virefu zaidi.

Chai ilinipalia.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemwamuru fundi aongeze vigogo. Akasema bibi, miguu haitafika chini. Nikamwambia yeye aangalie misumari, miguu ni yangu. Kanipandisha kwa stuli, kachukua stuli yake, kaenda zake.

Huku juu kuzuri. Naona vumbi juu ya kabati, lile ambalo binti yangu anaapa kalifuta. Miguu inaning'inia. Chai yangu iko mezani, mbali, imepoa. Simu inalia jikoni. Inalia tena. Bila shaka ni binti yangu, na akikosa jibu huwa anakuja. Asije mtu akasema nimekwama. Napumzika.

Fundi, ukurasa huu nauchana na kukurushia dirishani. Rudi na stuli sasa hivi, unishushe kabla binti yangu hajafika. Na usije mikono mitupu: lete vigogo vya kitanda, virefu kuliko hivi.