Herufi Arobaini za Kiti cha Mapokezi

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye! Kiti cha mapokezi kiko wazi. Kile chenye magurudumu, jamani, kinachozunguka! Miaka tisa nimebeba masanduku ya wageni wa hoteli hii. Sasa basi. Meneja ametangaza mtihani wa Kiingereza Ijumaa: sentensi arobaini zenye nafasi wazi, kila moja na maneno manne ya kuchagua, A mpaka D. Jumamosi mama mkwe anakuja kuniona kazini. Nilishamwambia kiti ni changu. Tangu mwaka juzi.

Jumanne, 4
Mshindani ni mmoja tu, Mama Pasi wa chumba cha kufulia. Nikacheka. Nikaenda kumpeleleza, nikaacha kucheka. Mkono wa kulia unapiga pasi shuka, wa kushoto uko kwenye karatasi ya mazoezi. Anafunika majibu kwa kiganja, anaisoma sentensi kwa sauti, anatafuta neno mwenyewe, ndipo anafunua. Na neno lake lipo pale pale! Mara kumi na saba mfululizo, na hakuna shuka lililoungua. Kiingereza chote amekiokota kwenye magazeti wanayoacha wageni. Nikamwuliza siri. Akasema hakuna siri, ukiisikiliza sentensi itakuambia yenyewe inataka nini. Mimi haijawahi kuniambia kitu.

Jumatano, 5
Mjini shule! Meneja alipokwenda kula niliingia ofisini kwake, nikijifanya natafuta sanduku la mgeni. Majibu juu ya meza! Sentensi sikuzisoma, ya nini kujichosha? Nimenakili herufi tu, ndani ya kofia ya kazi.

Alhamisi, 6
Ngazi za hoteli zina vidato arobaini. Mungu si Athumani! Kidato cha kwanza C, cha pili A, cha tatu tena A. Nimepanda na kushuka mpaka zimekaa kichwani zote. Mama Pasi alipita, akanipa pole ya magoti. Nikamhurumia.

Ijumaa, 7
Nilimaliza wa kwanza, kwa dakika nne. Meneja akasahihisha papo hapo. Nimepata tatu. Tatu! Kumbe asubuhi ya mtihani huwa anayachanganya maswali upya, kwa kuwa anatujua. Akasema hata kuku akidonoa herufi angepata kumi. Mama Pasi amepata arobaini. Zote! Nilikuwa nimekasirika kweli, lakini mikono yangu ndiyo iliyoanza kupiga makofi. Yule mama ana kichwa.

Jumamosi, 8
Mama mkwe kafika saa nne. Kitini, Mama Pasi. Mlangoni, mimi, sanduku begani. Akaniuliza taratibu, "Baba, si ulisema ni wewe unayekaa pale?" Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Pasi akainuka, akamkalisha mgeni wangu kwenye kile kiti, akamwambia kiti anaweza kukikalia yeyote, ila tangu mkwe wake aanze kazi, hoteli hii haijapoteza sanduku hata moja. Ni kweli! Wala sikuwahi kulifikiria. Mama mkwe akazunguka mara mbili, akacheka. Mimi machozi yalinilengalenga.

Jumapili, 9
Mama Pasi atanifundisha kila jioni, bure, mpaka mtihani wa Juni. Nampenda kama dada yangu. Ameniazima kitabu chake cha mazoezi. Kitabu kizuri ajabu: kurasa za mwisho zina majibu yote, herufi kwa herufi. Nimeshafika kidato cha kumi na mbili.