Oili Chafu na Ufunguo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Mama mkwe kaenda kumuuguza dada yake, atarudi Jumapili. Ufunguo wa mashine ya kusaga kaniachia mimi! Si shemeji, mwanawe wa kumzaa, aliyesimama pale mlangoni kavimba mashavu. Mama mkwe kasema nikiendesha vizuri wiki hii, ufunguo ni wangu moja kwa moja. Nikiboronga, unakwenda kwa shemeji. Shemeji akasema yeye hana haraka. Wivu tu.

Jumanne, 5 Agosti
Akili imefunguka. Gereji ya jirani wanamwaga oili chafu, ile inayotolewa kwenye injini za magari. Bure! Fundi kanieleza kwamba injini ya dizeli kama yetu inaweza kuila, ila kwa masharti. Ituame wiki nzima. Ichujwe kwa kitambaa kizito. Itiwe kidogo tu ndani ya dizeli nyingi. Nikamwambia nimeelewa. Masharti mengi kama ya mganga. Nimejaza pipa zima, nikalifunika kwa pazia la sebuleni. Mke wangu kauliza pazia liko wapi. Nikamwambia mwanga ni afya.

Ijumaa, 8 Agosti
Siku ya tatu natazama pipa. Sijaligusa hata kwa kidole. Haraka haraka haina baraka. Shemeji kapita, kauliza kuna nini humo. Nikajibu maji ya kupoza injini. Akaniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa mbishi. Wiki nzima ni ya watu wa kawaida. Kwa oili inayosimamiwa vizuri, siku nne zinatosha.

Jumamosi, 9 Agosti
Leo nimefungua koki. Iko chini kabisa ya pipa, mahali pazuri, huinami sana. Ikatoka oili nzito, nyeusi, inadondoka kwa vipande. Nikafurahi, kwa kuwa hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Pazia likagoma kuipitisha, nikaachana na pazia. Nusu oili, nusu dizeli. Tangi limejaa hadi shingoni. Kesho mama mkwe ataikuta mashine inanguruma bila kununuliwa dizeli. Nimeshindwa kula kwa furaha.

Jumapili, 10 Agosti
Foleni ya wateja hadi barabarani. Mashine ikawaka kwa dizeli safi iliyobaki kwenye mpira utokao tangini, ikaimba vizuri kabisa. Mama mkwe akatokea na gauni jeupe, shemeji nyuma kabeba begi. Akasimama mlangoni, karibu na bomba la moshi, ili anisifu. Ndipo mashine ikakohoa. Mara moja, mara mbili, kisha ikatapika wingu zima. Lilipopungua, mama mkwe alikuwa bado pale, mweusi kuanzia kilemba hadi viatu, macho tu yanang'aa. Injini kimya. Shemeji alicheka hadi akakaa juu ya gunia la mteja.
Mama mkwe hakufoka. Alininyooshea mkono tu. Nikaupokea kwa heshima, nikamwambia shikamoo. Kumbe alikuwa anataka ufunguo.

Jumatatu, 11 Agosti
Fundi kafungua nozo zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, zimeziba kama pua yenye mafua. Kaniuliza nilichota wapi. Nikamwonyesha koki. Akaweka spana chini. Halafu akaeleza polepole kwamba uchafu ndio unaotuama chini, oili safi hubaki juu. Yaani nimesubiri siku nne uchafu ujikusanye vizuri, kisha nikainywesha mashine. Niliona haya, na nilisikitika kweli.
Jioni kikao. Shemeji kavaa shati la pasi, tayari kukabidhiwa. Mama mkwe akasema mtu anayecheka mashine ikifa hana uchungu nayo. Ufunguo kampa mke wangu. Shemeji kaondoka bila kuaga.

Jumatano, 13 Agosti
Nimeyatafakari yote kwa makini. Ufunguo unalala nyumbani kwangu, kwa hiyo nimeshinda.
Tena leo, nikifagia unga, nimemwona muuza chipsi akimwaga mafuta yake ya zamani. Nimechungulia ndooni: yanapitisha mwanga. Hayahitaji kutuama wala kuchujwa. Moshi wake utanukia chipsi, na wateja watakuja wenyewe. Ameniahidi madumu manne.
Kesho mke wangu anakwenda kumsaidia mama yake kufua lile gauni, kwa mara ya tatu. Nimemwambia asisumbuke na ufunguo, mume ni wa nini.