Drone juu ya ndoa ya Abigaïl

Kazi tatu, tarehe 4 juin

Hapana, sikuiiba. Njo vile nilimujibu dada yangu Alima asubui, na njo vile nitajibu kila muntu wa mutaa yetu ya Kamalondo mwenye kuniuliza. Drone nilibadirisha na Zakari, mutoto wa baba mukubwa, mwenye alirudia toka Kambove na sura ya muntu wa kuchoka. Nilimupatia radio yangu, majogoo yangu yote na koti ya ngozi. Alikubali mbio sana. Alima anasema muntu akikubali mbio vile, kintu yake iko na ugonjwa. Alima hajue biashara. Anashona manguo, inatosha.

Drone iko muzuri. Iko na hélice ine, zile mabawa za kuzunguka, moja ilibandikwa na colle. Iko na kamera. Kitabu ya kuelezea iko mu kichinois. Nilisoma yote, picha kwa picha. Shida iko moja tu: ukisukuma kushoto, inaenda kuume. Hata badereva ba hapa beko vile, na tunafikaka.

Sasa mpango. Posho, njo kusema Jumamosi, ya juma ingine, Précieux, fundi wa tairi wa avenue yetu, analeta mali ya ndoa kwa baba ya Abigaïl, mwenye anataka kuoa. Lupangu, kiwanja ya kina Abigaïl, inapakana na yetu. Cameraman balimuita Rigobert. Rigobert! Ule muntu anafilmaka ndoa kutoka chini kama anatafuta kifungo ya shati. Mu film yake unaonaka paka pua na chupa, basi. Mu ndoa ya mwisho alifanya, mariée, bibi-arusi, anaonekana mara moja, nyuma ya muzee mwenye kula kuku.

Kesho naenda kwa mama ya Précieux.

Kazi tano, tarehe 6 juin

Mama Jeanne, mama ya Précieux, anauzisha samaki ya Kasenga ku soko. Anaangalia bantu vile anaangalia samaki: kwanza anatafuta kwenye inaoza.

Nilimuelezea. Ku téléphone ndoa zote za bakubwa zinafilmwa toka juu. Drone itaonyesha mbuzi, mifuko ya unga, makasie ya bière, bantu bote, mu picha moja. Majirani benye kusema Mama Jeanne analeta mali kidogo, batakufa na haya. Alipanguza kisu. Kisha akasema: sawa, Rigobert afilme chini, Feruzi afilme juu. Nilishinda.

Lakini hakumaliza. Abigaïl, ye Mama Jeanne hamupende. Anasema ule mutoto anacheka sana. Na kila muntu anajua desturi yetu: siku ya kuleta mali, mariée anaingia na sura ya kilio, juu ya kuacha kwao. Akicheka, ni kusema alikuwa anangojea kutoka zamani, hana heshima ya bazazi yake, na kwa bwana hataileta. Na Abigaïl anacheka hata mu misa ya kuzika bafu. Mi mwenyewe nilimuona.

Mama Jeanne alisema polepole, kisu iko mu mukono:

"Siku ile akionyesha hata jino moja, narudisha mbuzi yangu ku nyumba, na mutoto wangu nyuma ya mbuzi."

Kisha akakata samaki kichwa. Nilitoka na heshima mingi, kinyumanyuma.

Yenga, tarehe 8 juin

Abigaïl alikuya ku kibambazi, ukuta ya katikati ya lupangu zetu, kichwa paka juu. Anachoka. Tangu juma moja, tantine yake Ngalula, dada ya baba yake, anamukalisha mu kiti katikati ya lupangu, na jamaa yote inapita mbele yake kumujaribu. Shemeji anacheza kama bata. Kaka anaiga padri mwenye mafua. Akicheka, banaanza upya. Leo alishinda bata, akaanguka ku padri.

Aliniomba. Sauti yake ilikuwa kidogo.

"Yaya Feruzi, fanya kazi yako kule juu, lakini usinichekeshe. Précieux mi namupenda. Ule mama anatafuta paka sababu."

Nilimuambia asiogope, drone ni kintu ya serieux, hata basoda ba jeshi beko nayo. Nikamuonyesha. Aliangalia hélice ya colle. Akaniangalia mi. Alicheka mupaka akaanguka toka ku kiti kwenye alisimamia. Tantine Ngalula alitokea na mwiko. Nilirudi mu nyumba.

Mutoto hana nidhamu. Mama Jeanne hadanganye yote.

Kazi mbili, tarehe 10 juin

Essai ya kwanza, ku terrain ya football. Ilipanda! Batoto balipiga mikono. Nikasukuma kushoto, ikaenda kuume, ikaingia mu mashuka ya Mama Mwenya yenye kuanikwa, ikatoka na shuka moja, ikapita nayo juu ya soko kama mufu mwenye kuchelewa ku kilio yake.

Chef de quartier aliniita. Bantu balimuambia vita ilifika Kamalondo. Kila magaribi télé inaonyesha drone na manyumba ya kuvunjika, sasa muntu akisikia bzzz anashika batoto. Aliuliza bombe iko wapi. Nilifungua, nikamuonyesha batterie. Aliinusa. Kisha akasema naweza kuendelea, bora nimupigie picha ya bati ya nyumba yake, juu inavuja na fundi anamukatalia. Njo viongozi yetu.

Toka pale nilipita ku buvette, kwenye banakunywaka bière. Ndani, Tonton Liévin, kaka ya Mama Jeanne. Ye njo atakuwa porte-parole, musemaji wa jamaa ya Précieux, siku ya ndoa. Anakalaka mbele ya télé toka asubui na anafundisha bantu bote: drone hii inachunguza, hii inalipuka, hii inatoka kwa bazungu. Hajapita hata Likasi. Alituelezea: basoda banakimbia juu ya kukosa mafundisho. Ye, drone ikikuya, ataingoja amesimama, kiatu mu mukono. Bantu balimulipia chupa. Kwa bongo, uongo mutupu! Mi nadanganya tangu mutoto na hakuna mwenye alinilipia hata limonade.

Rigobert alikuwa pale, anasema drone yangu ni kintu ya batoto ya kuchezea. Nilimuambia kamera yake inafaa kuvunjia karanga. Alikasirika, sababu ni kweli.

Kazi ine, tarehe 12 juin

Courant hakuna. Batterie nilichargea kwa Abdoul mwenye machine ya kusaga. Yote inanuka unga sasa.

Alima anasema siku ya posho nikae juu sana, juu ya bati, nisishuke hata kidogo. Tantine Ngalula alituma muntu kusema vilevile. Bote banakuwa mainjinia.

Shida ni hii: juu sana, kamera inaona paka vichwa. Vitambaa na vipara. Hakuna mwenye atasifu cameraman juu ya kipara. Rigobert atakuwa na masura yote, mi niko na vipara. Haiwezekani. Tonton Liévin akishika micro, nitashuka. Kidogo tu. Nimupate muzuri, kama président mu défilé.

Sitamuambia muntu.

Posho, tarehe 14 juin

Sijavua hata viatu. Naandika hivi hivi.

Yote ilianza muzuri. Bantu mingi, muziki nguvu. Mbuzi ilifungwa ku muguu wa meza ya mali. Abigaïl aliingia na batantine, na sura ile! Jiwe. Muntu mwenye anangojea kutolewa jino. Tantine Ngalula nyuma yake, anamuangalia kama polisi. Hata Mama Jeanne alitafuta kosa, akaikosa.

Tonton Liévin alisimama, suti ya beige, micro. Alianza mbali: babu yake, reli, mine, simba mwenye babu aliua. Kisha akafika ku jamaa. Alisema mu nyumba yabo muntu haogopake kintu, kama ni mvua, kama ni vita.

Nilishusha. Nilisukuma kushoto. Pale njo nilikumbuka.

Ilianguka toka juu, ikasimama nyuma ya sikio yake, bzzzz. Alijigeuza. Balionana uso kwa uso, ye na drone. Micro ilitoa neno moja lenye siwezi kuandika. Kisha hakukuwa muntu tena. Ilibakia paka micro chini.

Alikuwa chini ya meza. Lakini mule mulikuwa mbuzi, na mbuzi ilifika ya kwanza. Meza ilianza kutembea. Mifuko ya unga ikaanguka, ikapasuka, hélice zikapandisha unga yote juu, na mu ile wingu tuliona meza inapita mbele ya bazee na miguu ya mbuzi mbele na viatu vya Tonton Liévin nyuma. Rigobert alikuwa amefika zamani ku barabara. Kamera yake ililala chini.

Nilipandisha drone juu ya bati, nikaangalia Abigaïl. Alivumilia. Naapa, alivumilia. Midomo ilikufa kabisa. Kisha meza ikapita karibu yake na sauti ikatoka chini kuomba msamaha kwa mbuzi.

Alijikunja pale pale, uso mu magoti, mabega yanaruka. Tantine Ngalula alitupa kitenge juu yake mbio kama muntu anazima moto.

Mama Jeanne alisimama. Alienda kufungua kamba ya mbuzi ku muguu wa meza, bila hata kuangalia kaka yake. Alisema aliona meno. Tantine Ngalula alisema mutoto analia. Mama Jeanne alisema anacheka. Upande ule: analia. Upande huu: anacheka. Précieux alikuwa katikati, rangi ya bukari, ule ugali mweupe. Muziki ilikuwa inapiga bado, hakuna mwenye alisikia muzuri.

Mama Jeanne alisema: film.

Kamera ya Rigobert ilifilma majani na mende moja. Ilibakia yangu. Bazee ya jamaa mbili balijikusanya juu ya téléphone yangu, kila mumoja anasukuma mwenzake. Na ile film njo hii. Toka juu unaona kitambaa ya kichwa na mabega yenye kuruka. Basi. Muntu wa kulia na muntu wa kucheka, toka juu beko sawasawa. Balirudilia mara mingi. Hakuna mwenye alijua.

Lakini kintu ingine ilionekana wazi kabisa, na jua muzuri juu yake: meza, na chini ya meza, nusu ya Tonton Liévin yenye ilibakia inje. Suruali ilipasuka katikati.

Balisema porte-parole akate neno. Tonton Liévin alikuya, mweupe toka nyusi mupaka kiatu. Aliangalia. Aliangalia tena. Aliniomba nisimamishe pale. Kisha akaokota micro.

"Mi njo porte-parole, na mi nasema: huyu mutoto analia. Analia juu ya kwao. Feruzi, futa hii film sasa hivi, mbele ya bantu bote."

Nilifuta.

Mama Jeanne aliangalia kaka yake, mupaka ku suruali ya kupasuka. Mu kitenge sauti ilitoka, kama kuku mwenye kubanwa. Tantine Ngalula alipandisha sauti akasema: unasikia? Anaanza tena, masikini. Mama Jeanne akafunga mbuzi ku meza.

Balikubali mali.

Kazi tatu, tarehe 18 juin

Abigaïl iko kwa bwana yake. Ku soko Mama Jeanne anajisifu: mu Kamalondo yote hakuna mariée mwenye alilia kama muke wa mutoto wake. Alilia mupaka akakosa pumuzi. Jana niliona Abigaïl anachambua samaki pembeni yake, kichwa chini, analuma midomo. Hatasikia raha mbele ya ule mama mupaka uzee, lakini Précieux anamungojea ku mulango wa soko na pikipiki, na pale njo anafungua kinywa.

Rigobert anaelezea bantu kusema alikimbia juu ya kutafuta angle. Tonton Liévin habadirishe télé, lakini sasa anafundisha juu ya football.

Hélice moja mbuzi ilikula, wakati bazee banaangalia film. Tatu zilibakia, na ya colle njo iko nguvu kuliko zote. Zakari anakataa kurudisha majogoo, anasema alishayakula. Alima aliniuliza leo, mbele ya bantu, kama nilijifunza kintu. Nilimujibu ndiyo. Nilijifunza kintu moja: nilishuka kidogo sana. Ningeshuka zaidi, ningefilma sura ya mbuzi, na ile ingetembea mu téléphone mupaka Kinshasa. Alichukua manguo yake ya kushona akaenda kukaa kwa jirani.

Wivu tu. Bantu habapende kuona mwenzao anakomboa ndoa.

Sasa weye, mwenye unafungua kaye, daftari ya muntu, bila kuomba. Usifunge kwanza. Najua uko na ndoa mu jamaa, ao kilio, ao communion ya mutoto. Na uko na tonton mwenye kusema mingi. Nakuja na drone, hélice tatu, zinatosha. Weye unaleta batterie, chakula yangu na mbuzi moja ya kufunga ku meza. Tunagawana vile: kama inapanda, iko yangu. Kama inaanguka, iko yako.

Lete mukono.