Petroli ya Kapteni Praxeda

Jumatatu, 3 Februari 2025

Ujumbe umeingia saa nne asubuhi. Nimeusoma mara saba. Kapteni Praxeda anakuja Jumatano ya wiki ijayo kuhesabu mikoko kutoka angani, na atatumia lile pipa la petroli ya ndege alilonikabidhi. Maneno ya mwisho nayanakili kama yalivyo, wajukuu waje wayaone: petroli ikiwa nzima, Mzee Uweso, siku hiyo na wewe unapanda.

Mimi! Miaka kumi na moja nalinda kiwanja hiki cha nyasi, ng'ambo ya mto Pangani. Nafyeka. Nafukuza mbuzi. Ndege ngapi nimezisindikiza kwa macho mpaka zikawa nukta! Mwenyewe sijawahi kupanda juu zaidi ya kimo cha mnazi, na huko nako nilishuka kwa kuanguka.

Mke wangu Zuleha kasema hongera, Baba Nasra, sasa hilo pipa usiliguse.

Niliguse la nini?

Jumanne, 4 Februari

Nimeligusa. Kidogo tu.

Ubavuni kuna maandishi ambayo sikuwahi kuyasoma. Limejazwa Machi 2023, litumike kabla ya Machi 2025. Limebakiza mwezi mmoja! Pipa limezeeka humu bandani na mimi napita mbele yake kila siku bila kulijulia hali. Na kama limeoza? Na kama safari yangu imeozea humo humo? Nikakata lakiri, nikafungua kizibo, nikavuta kwa mpira, nikajaza glasi ya chai.

Subhanallah!

Bluu! Bluu nyepesi, safi, unaona vidole vyako upande wa pili. Petroli ya bodaboda naijua maisha yangu yote, haijawahi kunivua kofia. Hii imenivua. Nimekaa juu ya kigogo naitazama mpaka mbuzi wakajaa uwanjani, wala sikuinuka. Nikaiweka glasi dirishani, niwe naiona kila nikipita. Nikakumbuka kuwa Kapteni aliwahi kuniambia rangi hiyo ndiyo kitambulisho chake: mafundi wakiiona bluu wanajua ni ya ndege.

Alhamisi, 6 Februari

Nimechota glasi nyingine, nikampelekea Mudathir, yule auzaye petroli ya chupa pale njia panda. Nilitaka tu aone. Kosa! Mtu yule hana adabu mbele ya kitu kizuri. Kainusa, kasema petroli ikikaa miezi mitatu imekwisha, yeye mwenyewe alisahau chupa chini ya benchi ikawa gundi, ikaua pikipiki ya shemeji yake. Nikamwambia asilinganishe ya ndege na uchafu wake. Akacheka mbele za watu. Kasema siku ndege itakaponinyanyua mimi na kilo zangu tisini na nne, atanyoa ndevu.

Nimerudi nyumbani nimefura. Zuleha yuko uani anaanika achari ya embe. Chupa nne juu ya bati la banda la kuku, vifuniko kavilegeza, juu kazifunika kitambaa. Nikamuuliza jua la nini. Kasema linaivisha na kufukuza uozo, achari iliyokolea chumvi ikaota jua sawasawa inakaa hata miaka mitatu.

Miaka mitatu! Na petroli ya Wazungu miwili tu!

Nilisimama palepale uani. Zuleha kaniuliza mbona nimeachama.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya Swala nimelivingirisha pipa mpaka juani. Kizibo nimekilegeza. Juu ya tundu nimetandaza kipande cha kanga. Kazi safi.

Zuleha kaniuliza kama nina homa. Kasema embe ni embe na petroli ni petroli. Kabeba jiko lake kahamia kwa jirani Asmahani, na kaapa hapa hauwashwi moto mpaka pipa lifungwe. Sawa. Wali wa kwa Asmahani nao mtamu.

Lakini niandike nilichokiona saa nane mchana. Juu ya lile tundu hewa ilikuwa inacheza! Upepo hakuna, lakini minazi ya nyuma yake inayumba, nguzo ya kiwanja inajikunja kama inataka kurukuu. Nikajua huo ndio uozo unatoka. Nimesimama mikono nyuma, machozi yakinilengalenga. Mungu ana mambo.

Jumapili, 9 Februari

Siku ya tatu ya jua. Pipa linagonga lenyewe kwa ndani. Ti! Halafu kimya. Halafu ti! Linaiva.

Ila glasi yangu ya dirishani imebaki nusu. Nani kaichukua? Mudathir hakufika. Zuleha kaapa. Paka hanywi petroli. Na hiyo nusu iliyobaki imepauka, si bluu tena, kama maji ya kuoshea mchele! Kama glasi imepauka, pipa je? Kapteni akikosa bluu, na mimi nimekosa anga.

Nikatulia. Nikafikiri. Zuleha ana buluu ya kufulia, ile inayong'arisha kanzu zangu. Nimetia pakiti mbili. Nimevingirisha pipa kulia, nimevingirisha kushoto, mgongo umenikatika. Nimechota: rangi haijashika. Nimetia ya tatu. Bado. Nadhani hii ni petroli yenye heshima zake, itashika polepole.

Jumatano, 12 Februari

Nina mikono ya kuandikia? Sijui.

Saa tatu ndege imetokea upande wa baharini, nyeupe, ndogo, mara ikawa kubwa. Kapteni Praxeda kaiweka chini kama mtu anayeweka kikombe mezani. Binti mdogo vile! Kashuka, kaniamkia shikamoo. Rubani, mtu wa mawinguni, ananishikamoo mimi mfyeka nyasi! Nimeitika marahaba kwa sauti iliyokwaruza. Nilikuwa na kanzu mpya na kofia mpya. Zuleha kasimama kando. Mudathir naye kaja, na ndevu zake zote.

Kisha Kapteni kaliona pipa juani.

Kaligusa, katoa mkono haraka. Kauliza nani kalifungua. Nikasema ni mimi, kwa nia njema. Kazamisha mrija mrefu mpaka chini, kachota kwenye chupa nyeupe, kaiinua juu. Chini ya chupa kulikuwa na unga wa buluu umetuama kama mchanga. Kauliza hiki nini tena.

Nikamweleza yote. Tarehe. Achari. Buluu.

Kapteni kakaa chini kwenye nyasi. Kacheka mpaka machozi. Halafu kaacha kucheka, na hapo ndipo iliponichoma.

Kasema kwa upole kwamba ile hewa iliyokuwa inacheza haikuwa uozo. Ndiyo petroli yenyewe, ile sehemu nyepesi inayoamsha injini, inaniaga. Ile ya glasi nayo ilikwenda hivyo hivyo, na rangi ililiwa na jua. Pipa lililofungwa vizuri, likakaa kivulini, huhimili miaka miwili. Likiachwa wazi juani, siku tano zinatosha kuliua. Kama ningeliacha lilivyo, angelipima leo, na kwa alivyolijua banda langu, angelimimina bila wasiwasi. Nilichotakiwa kufanya wiki nzima ni kulala.

Kulala! Kitu ninachokiweza!

Mikoko haihesabiwi leo. Mafuta aliyonayo yanamfikisha uwanja wa Tanga tu. Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama kiti bado kipo. Kasema kipo, lakini pipa kama lile haliachwi bila mlinzi mpaka gari lije kulichukua kesho, na mlinzi ni mimi.

Hapo Zuleha kakohoa kwa adabu. Kasema yeye kesho alikuwa anakwenda Tanga kwa dada yake Mastura, kupeleka achari.

Kapteni kasema karibu, Mama Nasra.

Kapanda! Mke wangu! Chupa mbili za achari mapajani, mkanda kifuani. Injini ikanguruma, nyasi zikalala, magurudumu yakaiacha ardhi na Zuleha akiwa ndani. Nimeona ndege nyingi zikiruka lakini sijawahi kuona kitu kama kile. Mudathir kavua helmeti. Wivu ulinikaba, na bado nilikuwa napunga mikono yote miwili na kulia kama mtoto.

Alhamisi, 13 Februari

Zuleha kapiga simu. Nimemtaka arudie mara tatu. Dakika kumi na tano tu, bila pantoni, bila basi! Kasema mto ukiingia baharini unakwenda mbali ukiwa bado wa kahawia, kama chai inayomwagwa kwenye beseni. Kasema aliliona bati letu. Kasema aliona pipa linameta, na pembeni yake kitu kidogo cheupe kinapunga, na akanihurumia sana.

Nikatoka nje, nikalitazama bati letu.

Gari limekuja, limechukua pipa bovu, limeshusha jipya. Lakiri mpya. Litumike kabla ya Februari 2027. Kapteni katuma neno: anarudi Agosti, na akiikuta lakiri nzima, mtu wa kwanza kupanda ni mimi. Sharti ni moja, nisifanye lolote. Nimeapa. Nimeliweka bandani, kivulini.

Nimekaa mbele yake tangu adhuhuri. Sijaligusa. Nafikiri tu. Maana achari ya Zuleha imekaa jua lile lile, vifuniko vimelegezwa vile vile, imepaa mpaka Tanga, na Mastura kasema hajawahi kuonja tamu kama ile. Sasa mimi nilikosea wapi?

Saa kumi nimepata jibu. Nimemtumia Zuleha ujumbe: akirudi asisahau chumvi, kilo mbili, ile ya mawe.