Njoo Uchukue Mashine au Umchukue Kaka Yako

Kwa Shemeji yangu mpendwa,
Fundi wa Friji, Pasi na Majiko ya Umeme.

YAHUSU: KUREJESHA ZAWADI ULIYOTULETEA MWEZI ULIOPITA

Shemeji, natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nguvu za kubeba kitu kizito, maana ndicho nitakachokuomba. Sisi hapa hatujambo. Mama yenu anakula vizuri, binti yangu kitindamimba anasoma vizuri, na kaka yako ananenepa kwa furaha. Mgonjwa ni mimi peke yangu. Ugonjwa wenyewe umekaa juu ya kabati la jikoni, una mlango wa kioo, na unalia kengele.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini simu yangu naichajia jikoni, na siku hizi kaka yako anashinda huko huko, kwa hiyo kila nitakachosema atakisikia. Tena nimegundua kwamba katika nyumba hii neno halina uzito mpaka liandikwe na kupewa namba. Basi na mimi naandika.

Nianze kwa kukupa haki yako. Unajua kaka yako alivyokuwa alipostaafu kule kiwanda cha magodoro. Miaka thelathini na miwili alikuwa msimamizi wa usalama, kiwanda kizima kikimwita Tahadhari, hata wale wasiolijua jina lake. Siku ya mwisho wakampa saa ya ukutani na soda, akarudi nyumbani. Miezi miwili alikaa sebuleni akiitazama hiyo saa. Hakuuliza chakula, hakugomba, hakukagua chochote. Niliogopa, sikufichi. Ndipo ukaja na lile boksi, ukasema, Shemeji, umepika vya kutosha, hii maikrowevu ni ya kukupunguzia kazi. Nilikushukuru kwa moyo wangu wote. Ila ndani ya boksi kulikuwa na kitabu cha maelekezo cha kurasa arobaini, nacho hukukitoa. Kaka yako alikisoma mara mbili, kalamu nyekundu mkononi. Kesho yake akaamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa kofia ngumu ya kiwandani.

Tangu siku hiyo sina jiko. Malalamiko yangu ni haya:

1. Utepe. Amebandika utepe wa njano sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye mashine, na ikianza kunguruma sote tunatakiwa kuwa nyuma yake. Nilimwambia kitabu hakisemi hivyo. Binti yangu amekisoma, kinasema usiiwashe ikiwa mlango haufungi sawasawa au umepinda, basi. Akajibu kwamba kitabu kimetoa kima cha chini tu. Sasa Shemeji, jiko langu lote lina hatua tatu. Nikipasha maharage nabaki na hatua moja, mgongo ukutani, na hiyo hatua moja nagawana na mama yenu, ambaye ameleta kigoda chake anakaa hapo kutazama sahani inavyozunguka. Anasema ni bora kuliko televisheni, kwa sababu mwishoni unakula.

2. Jedwali la nguvu. Mimi nimepika miaka thelathini na moja kwa jicho na mkono. Kwangu moto ni moto, ukiwa na haraka unauongeza. Nikadhani na hii ni hivyo hivyo: unabonyeza namba kubwa kuliko zote, kumi, mambo yanaisha. Kumbe nilikuwa mhalifu. Ukutani sasa kuna jedwali la wino wa rangi tatu. Maji na mboga mbichi, kumi. Chakula kilicholala, saba, kifunikwe kwa kuacha upenyo wa mvuke, kikorogwe katikati ya safari. Maziwa na vitu laini, tano. Nyama iliyoganda, tatu, igeuzwe kila dakika mbili, na ikishayeyuka ipikwe hapo hapo. Kitu cha kubaki vuguvugu tu, moja. Nikipasha wali kwa kumi, anakuja na kijiko, anauchimba mbele ya mama yenu: huku pembeni umekauka, huku katikati baridi kabisa. Mama yenu anatikisa kichwa. Wali huo nimeupasha hivyo wiki nzima na hakuna aliyefariki.

3. Sahani zangu. Unazikumbuka zile za harusi, zenye ukingo wa dhahabu. Ni kweli niliweka moja ndani. Ni kweli ilitoa cheche. Lakini zilikuwa cheche chache, na nyingine zilikuwa nzuri kuzitazama. Kaka yako, huyu anayelalamika magoti kila siku, aliruka kutoka sebuleni, akazima, akachomoa waya ukutani, akasimama mbele ya mashine kanyoosha mikono kana kwamba nitakayelipuka ni mimi. Siku hiyo hiyo alifanya ukaguzi. Sahani za dhahabu, bakuli za bati, vijiko, karatasi ya alumini na makopo ya siagi, vyote marufuku. Kikombe changu kile cha maua kilifaulu, kikapewa kibandiko cha kijani. Nilifurahi kikombe kupewa kibandiko, kisha nikajichukia kwa kufurahi.

4. Kutulia. Kengele ikilia huruhusiwi kula. Eti chakula kitulie dakika moja au mbili, joto lisambae. Watu wazima watatu na mwanafunzi tunasimama kimya kutazama maharage yakitulia.

5. Daftari. Hapa naomba ukae chini. Kaka yako ana daftari jeusi, limeandikwa juu yake Daftari la Matukio, sawasawa na lile la kiwandani. Anaandika saa, tukio, chanzo, hatua iliyochukuliwa. Mimi nina onyo la mdomo kwa kufungua mlango kabla mashine haijanyamaza. Nina la pili kwa kuiwasha ikiwa tupu, na Mungu shahidi, nilikuwa naifuta tu vumbi kidole kikagusa. Halafu nina onyo la maandishi. Nilipasha maji ya chai muda mrefu kupita kiasi, yakakaa kimya kama hayajachemka, nikatia kijiko, yakaruka mpaka ukutani. Nilitakiwa kutia sahihi kwamba nimeonywa. Nikatia. Hata leo sijui kwa nini nilitia, lakini yule mtu ana namna ya kukupa kalamu ambayo huwezi kuikataa.

6. Yai. Jana, Jumanne, yai lililochemshwa, likiwa na ganda lake, lilipasuka ndani ya mashine kwa nguvu ya kumi. Nani aliliweka si hoja, na naomba tusipoteze muda hapo. Hoja ni kilichofuata. Kaka yako alipuliza filimbi. Filimbi, Shemeji, ndani ya nyumba. Akatutoa nje kwa mstari mpaka kwenye kamba ya nguo, ambako kumbe alishachomeka kibao cha mahali pa kukusanyika, nami siku zote nilikuwa nakianikia soksi. Akatuhesabu. Mama yenu, mmoja. Binti, wawili. Mimi, watatu, na alipofika kwangu akanipangusapangusa kichwani, sijui kulikuwa na nini. Wa nne alikuwa jirani yetu mshona nguo, aliyekuja kunipima gauni, naye hakuruhusiwa kuondoka mpaka ajibu jina lake. Leo asubuhi alipita akaniuliza hali kutoka ng'ambo ya barabara, hakuvuka.

7. Kusimamishwa. Leo, Jumatano, baada ya chai, nimekabidhiwa barua. Nimesimamishwa kutumia maikrowevu siku tatu, mpaka nihudhurie mafunzo. Mafunzo yatafanyika jikoni. Mwalimu ni kaka yako. Msaidizi wa mwalimu ni mama yenu, ambaye bila miwani haoni namba hata moja, ila amekariri kwamba saba iko chini ya nne. Barua yenyewe haina hata maelezo ya kosa, imeandikwa tu tazama daftari.

Shemeji, hapa utani umeisha. Jiko hili niliingia nikiwa bibi harusi. Nililikuta halina hata rafu, nikalijaza mwenyewe. Kama leo nasimamishwa kwenye maikrowevu, kesho nitasimamishwa kwenye jiko la gesi, keshokutwa kwenye mwiko, na mwezi ujao nitakuwa nabisha hodi nyumbani kwangu na kuandika jina kwenye kitabu cha wageni. Kinachoniuma si wali. Nyumba hii ilikuwa na chumba kimoja ambacho kila mtu alijua ni changu, nacho nimenyang'anywa na mtu wa kofia ngumu.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili, uchague kwa uhuru wako. Ama uje Jumamosi na gari la mizigo uichukue mashine, ama umchukue kaka yako. Nimelipima jambo hili kwa utulivu, nikaona la pili ni la haki zaidi, kwa kuwa mashine haina kosa. Wewe una karakana. Mpe kona, mpe na kitu chochote kinachoweza kulipuka. Hata kisichoweza kulipuka, yeye ataona namna. Hadai mshahara, na sare anayo. Ukiona vigumu kuwatenganisha, wachukue wote wawili, kaka yako na mashine. Mama yenu usihangaike naye, atafuata mwenyewe na kigoda chake. Mimi nitabaki hapa na binti yangu na jiko la gesi, tuunguze vyakula vyetu kwa amani.

Ushahidi nitauambatanisha. Nanakili maonyo yangu yote kutoka kwenye daftari, pamoja na hicho kifungu cha kunisimamisha, ili usije ukasema shemeji amekasirika tu.

Msalimie sana mke wako, watoto, mafundi wote wa karakana, yule paka anayelala juu ya friji mbovu, na mwenye friji, kama bado anaisubiri.

Mimi wako katika ukoo, ambaye kwa sasa hana kibali,

Shemeji yako,
Mpishi wa Nyumba (Amesimamishwa)

NYONGEZA: Shemeji, nilikuwa nimeshaikunja barua. Nikalichukua daftari polepole pale juu ya meza, mwenyewe akiwa jikoni anapasha chakula cha mchana cha mama yenu, nikaja nalo chumbani kunakili. Nikaanza na la yai, nipate saa sahihi. Ameandika hivi: "Tukio namba kumi na nne. Yai na ganda lake, nguvu ya kumi. Limepasuka. Mhusika: hajulikani." Hajulikani! Na ni yeye aliyenitoa maganda kwenye nywele, moja moja, mbele ya mshona nguo.

Nikafungua ukurasa uliofuata kutafuta kifungu cha kusimamishwa kwangu. Nanakili kama kilivyo, sijaongeza neno: "Tukio namba kumi na tano. Mama wa nyumba amekula wa mwisho, amesimama, chakula kimepoa. Tukio limejirudia kila siku kwa miaka thelathini na moja. Chanzo: msimamizi alikuwa anaangalia magodoro. Hatua: mama wa nyumba asimamishwe kupasha kwa siku tatu. Apashiwe yeye."

Nilikaa kitandani, Shemeji. Ni kweli. Nampakulia mama yenu, nampakulia kaka yako, nampakulia binti, naongeza mchuzi, naleta maji, naosha sufuria, na nikija kula wali umeshakuwa baridi, nami nilishasahau kwamba wali ni chakula cha moto. Sikujua kwamba kuna mtu ameona.

Nikiwa bado nimelishika daftari, mlango ukafunguliwa. Kaka yako, na kofia yake, kabeba sahani iliyofunikwa. Alikiona nilichoshika. Akaweka sahani juu ya kiti, akatazama saa yake mpaka dakika ya kutulia ikaisha, akafunua mwenyewe, akanikabidhi kijiko. Akasema, "Kwenye zamu yangu hakuna anayekula baridi." Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akasimama hapo kungoja nionje.

Nimelia kidogo, sitakuficha. Nimechimba katikati ya wali kwa kijiko kama anavyofanya yeye, nikitafuta baridi, sikuipata. Ulikuwa moto mpaka chini, na laini. Doa hilo hapo juu ni la mchuzi.

Barua naituma hivyo hivyo, maana nimeihangaikia. Lakini Jumamosi usije na gari. Njoo mikono mitupu, ule na sisi, na usimame nyuma ya utepe kama watu wengine. Kusimamishwa kwangu kunaisha Ijumaa jioni, na siku tatu naziona chache mno. Nimeshachemsha yai jingine.