Nimemkamata Mwizi wa Intaneti Ofisini

Leo nimejianika mwenyewe, mchana kweupe. Nawaambia mimi kabla hamjaambiwa na Haji, maana yule akisimulia huongeza chumvi.

Mnajua mimi ni fundi wa simu kwenye ofisi moja ya tiketi za boti, Malindi. Simu zetu zinapita kwenye intaneti, kwa seva niliyoifunga kwa mikono yangu (na nikajisifu wiki nzima). Leo asubuhi zikaanza kukatakata. Sisi tunawasikia wateja vizuri, wao wanatupata vipande vipande. Mmoja akamfokea Asha, mpokea simu wetu: "Bibi we, unazungumza au unatafuna?"

Bi Rahma, bosi, akanijia juu. "Mudi, mpaka adhuhuri. Zisipotengemaa nnamwita fundi mwengine, na ile kazi ya kufunga simu za hoteli yetu ya Matemwe ntampa yeye."

Matemwe! Kazi niliyoililia tangu Ramadhani! Nikazima seva, nikawasha. Nikabadilisha waya. Nikawapigia kampuni ya intaneti nikawagombeza (hawakunisikia vizuri, lakini walijua nimekasirika). Wapi!

Mwisho nikang'amua. Kuna mtu anarusha mzigo mkubwa kwenye intaneti yetu, ndiyo maana sauti zetu hazipati njia ya kutokea. Nikamkazia macho Haji, dereva, ambaye simu haimtoki mkononi.

"Mie nna nini?" akauliza.

"Subiri tu. Leo mwizi wa intaneti nnamuumbua hadharani. Na Bi Rahma, akijulikana, afukuzwe!"

Nikachomeka laptopu yangu kwenye TV kubwa ya ukumbini, ile inayoonesha saa za boti. Abiria wote wakainua vichwa. Nikafungua orodha ya vifaa vinavyotumia intaneti, kile kinachokula zaidi kikiwa juu kabisa. Asha akasoma kwa sauti:

"Laptopu ya Mudi, Fundi Mkuu."

(Jina nilijipa mwenyewe.)

Jamani! Video ya harusi ya dada yangu! Nilipoingia tu kazini nilianza kumtumia shangazi yetu aliyeko Maskati, maana intaneti ya nyumbani haiiwezi. Halafu nikasahau kabisa. Haji alikaa chini sakafuni kwa kicheko, na abiria wasionijua nao wakacheka.

Nikaisimamisha. Simu ikaita, Asha akapokea, sauti safi kabisa.

"Enhe, Mudi," Bi Rahma akasema. "Afukuzwe?"

"Bi Rahma, adhuhuri bado, na simu zinasikika. Kazi si nshaifanya?"

Akageuka upesi, lakini nimemwona anacheka. Matemwe nakwenda. Ila kuanzia kesho laptopu yangu inabaki kwa mlinzi mlangoni.

Haji akadai nimwombe radhi. Nimemwomba, tena kwa simu ya ofisi.

Nanyi mkitaka kunicheka, pigeni hiyohiyo. Mtasikika bila kukatika.